"TRIBE": neno la makarani wa Roma lililofika mpaka Arusha

Wadau, leo tunachambua neno moja la Kiingereza lenye herufi tano tu: tribe. Kila chalii wa Arusha analijua. Vijana wanaouza safari pale Mnara wa Saa wanaulizwa kila siku. Muongoza watalii hajamaliza hata kufunga mlango wa gari la kwenda Ngurdoto, mgeni keshauliza: "What tribe are you?" Na sisi tunajibu harakaharaka, Mmeru, Mwarusha, Mchaga, Mpare, Mrangi, Muiraqw, halafu safari inaendelea.

Swali lenyewe linaonekana dogo. Lakini neno hili limezunguka dunia kwa zaidi ya miaka 2,000, na sura moja nzito sana ya safari yake imeandikwa hapahapa mjini kwetu, kwenye yale majengo ya AICC. Lina ndugu wa damu ambaye alikaa Arusha miaka 20, akaajiri watu, akapangisha nyumba, akajaza hoteli. Ndugu huyo anaitwa tribunal. Ukiujua ukoo wao, swali la "wewe kabila gani?" hutalisikia tena kama ulivyokuwa unalisikia.

Kama dakika zako za kafe zinakimbia, printi ukasome nyumbani. Ni ndefu kidogo.

MAANA YA KAMUSI

Ukifungua kamusi ya Kiingereza utakuta tribe ni kundi la watu wenye asili moja, lugha moja na mila moja, mara nyingi chini ya kiongozi wa jadi. Sisi kwa Kiswahili tunasema kabila, tunamaliza.

Neno hili liliingia kwenye Kiingereza karne ya 13, na mlango wake ulikuwa Biblia. Biblia ya Kilatini iliyatumia neno tribus kwa yale makabila 12 ya Israeli. Kwa muda mrefu sana Mwingereza akitamka neno hili alikuwa anawazungumzia wana wa Yakobo, au Warumi wa kale. Ni baadaye, meli za Ulaya zilipoanza kwenda kila bahari, ndipo alipoanza kuwabandika watu wa mabara mengine.

Na hapo pana jambo la kuangalia kwa makini. Watu wa Iceland hawafiki hata laki nne, lakini kwa Kiingereza wao ni nation, yaani taifa. Wasukuma ni mamilioni, lakini wao ni tribe. Kama kigezo kingekuwa lugha moja, asili moja na mila moja, wote wawili wangepewa jina moja. Kwa hiyo neno limebeba kitu kingine zaidi ya maana ya kamusi: limebeba macho ya anayelitumia.

KILATINI KILISEMAJE

Sasa twende Roma. Kwa Kilatini neno ni tribus. Masimulizi ya Warumi wenyewe yanasema mwanzoni mji wao uligawanywa mafungu matatu, yaliyoitwa Ramnes, Tities na Luceres. Ndiyo maana wengi wanasema ile "tri" mwanzoni mwa neno ni tatu. Wataalamu wa lugha hawajakubaliana kuhusu hilo, kwa sababu majirani wa Warumi, Waumbria, nao walikuwa na neno trifu lenye maana ya jumuiya nzima ya mji, bila habari ya tatu wala nne.

Ila jambo kubwa ni hili linalofuata. Kwa mapokeo ya Warumi, mfalme wao Servius Tullius ndiye aliyepanga upya mafungu hayo kwa kufuata mahali mtu anapoishi. Mpaka kufika mwaka 241 kabla ya Kristo mafungu yalikuwa 35: manne ya mjini na 31 ya mashambani. Baada ya hapo hayakuongezwa tena. Raia mpya akija, anaingizwa kwenye fungu mojawapo lililokuwepo.

Mafungu hayo yalikuwa ya nini? Yalikuwa ya kazi tatu: kuhesabu watu, kutoza kodi na kuandikisha askari. Ukaongezeka na upigaji kura. Katika mkutano wa makabila, kila fungu lilikuwa na kura moja. Ukipata mafungu 18 kati ya 35, umeshinda, hata kama fungu moja lina watu wachache na lingine limejaa pomoni.

Yaani tribus ya Mrumi ilifanana zaidi na kata au jimbo la uchaguzi kuliko ukoo. Ilikuwa sanduku kwenye daftari la karani. Mrumi akiandika jina lake rasmi, aliweka na kifupi cha tribus yake katikati. Yule msemaji maarufu Cicero alikuwa wa Cornelia, na haimaanishi wote wa Cornelia walikuwa na babu mmoja.

Na ujanja nao ulikuwepo tangu siku hizo. Watumwa walioachiwa huru kwa kawaida walisukumwa kwenye yale mafungu manne ya mjini. Wanaweza kuwa maelfu kwa maelfu, lakini kura zao zote zikijumlishwa ni nne kati ya 35. Hakuna aliyewaambia "hamruhusiwi kupiga kura". Waliwekwa tu kwenye sanduku ambalo kura yake haina uzito. Mwenye daftari ndiye aliyekuwa na nguvu.

NDUGU ZAKE

Neno hili limezaa watoto wengi, na unakutana nao kila siku bila kujua wana mama mmoja.

Tribunus alikuwa kiongozi au mtetezi. Maarufu zaidi ni wale watetezi wa walalahoi wa Roma, waliokuwa na uwezo wa kuzuia uamuzi wa wakubwa. Magazeti kama Chicago Tribune yalichukua jina hilo: mtetezi wa watu.

Tribunal lilikuwa jukwaa lililoinuliwa ambapo hakimu aliketi na kusikiliza mashauri. Baadaye kiti kikageuka kuwa mahakama yenyewe.

Tributum ilikuwa kodi ya raia. Humo ndimo ilimotoka tribute, malipo ya mnyonge kwa mwenye nguvu. Siku hizi ukisikia redio inapiga "tribute" ya mwanamuziki aliyefariki, ni neno hilohilo limepoa, limekuwa heshima badala ya kodi.

Tribuere ni kugawa, kumpa kila mmoja fungu lake. Kutoka hapo tuna distribute, kusambaza. Mafundi wa gereji wanaijua distributor ya injini za zamani za petroli, ile inayogawa moto kwenye plagi. Tuna attribute, ambayo waliojifundisha kutengeneza kurasa za HTML wanaijua vizuri. Na tuna contribute, kuchanga. Ndiyo, ndugu yangu: ile kadi ya mchango wa harusi iliyoko mfukoni mwako na bado hujailipia, kwa Kiingereza chake ina tribe ndani.

Tahadhari kidogo kwa wale wa makanisani: tribulation, dhiki, siyo ndugu yao. Hiyo inatoka kwenye tribulum, kifaa cha Warumi cha kupuria nafaka. Sauti zinafanana tu.

Angalia watoto wote hawa: kodi, mgawo, mchango, kiti cha hukumu. Hakuna hata mmoja anayezungumzia damu. Wote wanazungumzia nani anatoa, nani anapewa na nani anaamua.

NA "KABILA" LETU JE?

Kabila tulilichukua kwa Waarabu, qabila. Mzizi wake ni herufi tatu, Q, B na L, wenye maana ya kuwa mbele au kuelekeana. Kiswahili kimechukua watoto kibao wa mzizi huo. Kabla ni mbele ya wakati. Kibla ni upande anaouelekea Muislamu akisali. Kukabili ni kutazamana uso kwa uso. Mkabala ni upande wa pili unaokutazama. Kukubali ni kupokea kilicholetwa mbele yako. Na mustakabali, wakati ujao, ni ule unaokuja mbele yetu.

Kwa hiyo ukoo wa neno la Kilatini ni wa kugawa, na ukoo wa neno letu ni wa kuelekeana. Naomba uliweke akilini hilo, maana nitalitumia.

Kwa wapenda vituko: taifa nalo ni la Kiarabu, ta'ifa, maana yake kundi au sehemu. Sisi tunalitumia kama neno la kutuunganisha. Kule Lebanon neno lililozaliwa humohumo, ta'ifiyya, ni ubaguzi wa kimadhehebu. Maneno ni kama watoto, tabia inategemea wamelelewa wapi.

JINSI SANDUKU LILIVYOPANDA MLIMA MERU

Kabla ya karani hajafika, miteremko ya Meru ilikuwa imejaa watu waliochanganyika sana. Wameru wanasema Kimeru, lugha iliyo karibu na Kichaga, lakini koo zao husimulia asili tofauti: nyingine hujitaja zimetoka Usambara, nyingine Uchagani. Waarusha wanasema Kimaa kama Wamaasai, wana rika kama Wamaasai, lakini ni wakulima wa migomba na mahindi. Walihamia kwenye mlima huu kutoka Arusha Chini miaka ya 1830 hivi, na katika kukua kwao waliwapokea Wamaasai waliopoteza mifugo, Wachaga na Wameru. Wameru nao waliufuata utaratibu wa rika. Mtu aliweza kuzaliwa upande huu akazeeka upande ule, na wajukuu wake wakawa wa huko kabisa. Mji wetu wenyewe umechukua jina la watu hao.

Wajerumani walipojenga Boma, lile ambalo leo ni Makumbusho ya Elimu Viumbe, walikuja na kodi ya nyumba. Kodi inataka daftari, na daftari linataka masanduku. Waingereza wakaenda mbele zaidi. Gavana Donald Cameron alikuja Tanganyika mwaka 1925, na sheria ya mwaka 1926 ikaweka utawala wa wenyeji: kila tribe na mamlaka yake, hazina yake na baraza lake. Pale ambapo hapakuwa na chifu wa namna hiyo, alitafutwa. Mwanahistoria John Iliffe, katika kitabu chake cha historia ya Tanganyika cha mwaka 1979, alionyesha kwamba mtindo huo ulisaidia kuyaunda makabila kama tunavyoyajua leo, na kwamba Waafrika wenyewe walishiriki kuyajenga kwa sababu ukiwa nje ya sanduku huna ardhi wala huna pa kusemea.

Msinielewe vibaya. Sisemi kwamba Wameru walibuniwa na Mwingereza. Watu walikuwepo, lugha ilikuwepo, migomba ilikuwepo, heshima za wazee zilikuwepo. Kilichokuja na karani ni mstari mnene wa wino kati ya huyu na yule, pamoja na kitu cha kugawa kwa kufuata mstari huo.

Na wakati mwingine sanduku liliweza kutumiwa na waliowekwa ndani yake. Novemba 1951 serikali ya kikoloni iliwaondoa kwa nguvu Wameru wapatao 3,000 kutoka Engare Nanyuki ili kupisha ranchi za Wazungu. Nyumba zilichomwa. Wameru wakakataa kunyamaza. Walichangishana fedha, wakamtuma kijana wao Kirilo Japhet mpaka New York, na mwaka 1952 akasimama mbele ya Umoja wa Mataifa kueleza dhuluma hiyo, miaka mitatu kabla ya Nyerere kufika kwenye jengo hilohilo. Wakili Earle Seaton, mzaliwa wa Bermuda aliyekuwa akifanya kazi Moshi, alikuwa naye kwenye kesi hiyo. Ardhi hawakurudishiwa wakati ule, lakini Tanganyika nzima ilijua kwamba mkoloni anaweza kushitakiwa. Hapo neno contribute lilifanya kazi nzuri kuliko siku zote: watu wa sanduku moja walichanga kwa hiari yao, hawakutozwa.

TRIBUNAL PALE AICC

Sasa tufike kwa ndugu wa pili.

Kiswahili kina tafsiri nzuri sana ya tribunal, nayo ni baraza. Lile Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya, ambako watu wetu wanapelekana kwa migogoro ya viwanja, sheria ya mwaka 2002 kwa Kiingereza inaliita District Land and Housing Tribunal. Baraza la kata nalo ni ward tribunal. Na baraza, watu wa pwani watatuambia, mwanzo wake ni ile sehemu ya kukaa mbele ya nyumba. Mrumi alianza na jukwaa, Mswahili akaanza na kibaraza, wote wakaishia kwenye hukumu.

Tribunal kubwa zaidi kuwahi kukaa Arusha ni ile ya Rwanda. Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa liliiunda tarehe 8 Novemba 1994, na Februari 1995 likaamua makao yake yawe Arusha. Ilifungwa tarehe 31 Desemba 2015. Katika muda huo ilifungulia mashtaka watu 93. Wengi tunakumbuka magari meupe ya UN, kodi za nyumba zilizopanda, na vijana waliopata kazi za ukalimani, udereva na ulinzi. Tuliizoea mpaka ikawa kama stendi.

Ila wangapi tuliuliza ndani walikuwa wanabishania nini? Moja ya mambo waliyobishania ni maana ya neno letu hili.

Kesi ya kwanza kufika mwisho ilikuwa ya Jean-Paul Akayesu, meya wa wilaya ya Taba nchini Rwanda. Hukumu ilitolewa tarehe 2 Septemba 1998, na ilikuwa mara ya kwanza kwa mahakama ya kimataifa kumtia mtu hatiani kwa mauaji ya kimbari. Siku mbili baadaye aliyekuwa waziri mkuu, Jean Kambanda, aliyekiri makosa, alifungwa maisha.

Kwenye kesi ya Akayesu majaji walikutana na fumbo. Mkataba wa mwaka 1948 unasema mauaji ya kimbari ni nia ya kuangamiza kundi la kitaifa, la kikabila, la rangi au la kidini. Majaji wakasema kundi la kikabila ni lile lenye lugha moja au utamaduni mmoja. Sasa Wahutu na Watutsi wote wanasema Kinyarwanda. Wameishi vilima vilevile, wamesali makanisa yaleyale. Hata koo zao ni zilezile: ndani ya ukoo mmoja unakuta Wahutu, Watutsi na Watwa. Kwa kipimo cha kamusi, unawatenganishaje?

Jibu lilikuwa kwenye kipande cha karatasi. Tangu miaka ya 1930 Wabelgiji waliwapa Wanyarwanda vitambulisho vyenye nafasi ya ubwoko. Ubwoko ni neno ambalo kwanza lilikuwa la ukoo. Karani akaandika Muhutu, Mututsi au Mutwa, na mtoto akarithi kwa baba yake. Miaka 60 baadaye watu walikuwa wanajijua hivyo, na serikali inawajua hivyo. Majaji wakakubali kwamba kundi lipo na limelindwa na mkataba, kwa sababu sheria, vitambulisho na watu wenyewe walilitambua. Sanduku la daftari lilikuwa limegeuka kuwa nyama na damu. Mwaka 1994, kwenye vizuizi vya barabarani, kitambulisho ndicho kilichoamua nani anapita na nani hapiti. Waliouawa wanakadiriwa kuwa kati ya watu 800,000 na zaidi ya milioni moja.

Na hapa ndipo Arusha inapouma zaidi. Tarehe 4 Agosti 1993, hapahapa mjini, serikali ya Rwanda na RPF walitia saini Mkataba wa Amani wa Arusha. Ndani yake kulikuwa na kipengele kinachosema serikali ya mpito, ikishaanza kazi, iondoe utajo wa kabila kwenye nyaraka rasmi zote itakazotoa. Soma tena hapo. Waliokaa mezani walikuwa wanajua kabisa hatari iko wapi, wakaiandika, wakaisainia. Serikali hiyo ya mpito haikuundwa kwa wakati. Aprili 1994 vitambulisho vilikuwa bado mifukoni.

Kwa hiyo mji mmoja uliona yote mawili: karatasi ya kulifuta neno tribe, na tribunal ya kuwahukumu walioua kwa neno hilo. Kati ya moja na nyingine, miezi 15 tu.

Burundi walichagua njia nyingine. Mkataba wao nao ulisainiwa Arusha, tarehe 28 Agosti 2000, baada ya Mwalimu Nyerere kuanza usuluhishi na Mandela kuupokea. Katiba yao ya mwaka 2005 iliweka wazi: bungeni Wahutu asilimia 60, Watutsi asilimia 40, na nafasi kwa Watwa. Huo ni mgawo kwa sanduku, Kirumi kabisa. Rwanda walifuta neno kwenye vitambulisho, Burundi wakalihesabu kwenye viti. Wote walikuwa wanatafuta dawa ya ugonjwa mmoja.

SASA NANI ANAULIZA?

Sisi Tanzania tulifuata njia ya kutogawa. Uchifu uliondolewa kisheria mwaka 1963. Sensa ya mwaka 1967 ilikuwa ya mwisho kuuliza kabila. Kitambulisho cha taifa hakina kabila. Nyerere mwaka 1995 aliwakejeli wanaoulizana makabila wakati wa kutafuta kiongozi, kama vile wanataka kwenda kutambika. Majirani zetu Kenya wanaendelea kuhesabu makabila kwenye sensa, mpaka ile ya mwaka 2019, na mwisho wa 2007 na mwanzo wa 2008 waliona watu zaidi ya 1,100 wakipoteza maisha baada ya uchaguzi.

Lakini tusijisifu sana. Tunaulizana. Na mara nyingi tunaulizana vizuri. Mchaga na Mpare wakikutana kwenye daladala ya Sakina, utani unaanza kabla ya nauli. Hakuna anayeibiwa kitu. Ile ni kabila kwa maana ya mzizi wake, watu wawili wanaelekeana na kukubaliana.

Kuna kuulizana kwingine. Mimi nimewahi kutafuta chumba cha kupanga, dalali akaniuliza kabila kabla hata hajaniuliza nina kodi ya miezi mingapi. Nilipomjibu, akasema atanipigia. Najua wasomaji kadhaa mtakuwa mmekutana na hilo, kwenye chumba, kwenye ajira, au kwenye posa. Anayeuliza hapo hataki utani. Ana kitu mkononi cha kugawa, na anatafuta sanduku la kukuweka.

Kwa hiyo kipimo changu kwa neno hili ni kimoja, na nimekipata kwa Warumi wenyewe. Mtu akikuuliza kabila, usiangalie sana neno. Angalia mkono wake. Kama mkono ni mtupu, anataka kukujua tu, mjibu na umuulize la kwake, mcheke. Kama mkono una ufunguo wa chumba, fomu ya kazi, karatasi ya kura au kalamu ya karani, basi una haki ya kumuuliza: jibu langu litabadilisha nini kwenye hicho ulichoshika? Akisema halibadilishi kitu, hana sababu ya kuandika. Akisema linabadilisha, ameshajieleza.

Na tukiulizwa na wageni tukielekea Ngurdoto, si vibaya kuwapa na hii ya ziada: kwamba neno lao lilikuwa kata ya kupigia kura, kwamba mlima wanaoutazama umechanganya watu wa Usambara, wa Uchagani na wa Umaasaini, na kwamba mji waliolala jana ni mahali ambapo watu walikubaliana kulifuta neno hilo kwenye karatasi, wakachelewa.

Wazee wako bado wapo? Waulize bibi na babu walikotoka kabla ya huko mnakosema ndiko kwenu. Majibu mengine yatawashangaza. Mtakayosikia tuwekeeni hapo chini kwenye maoni, ila naomba bila matusi ya kikabila, maana hayo nitayafuta bila kuuliza wewe ni wa wapi.

Nawasilisha.